Boxer ya Gongoni na boksi la samaki

"Fundi, shikamoo. Mimi ni mchuuzi wa samaki hapa Malindi. Samaki nawatoa Ngomeni mara nne au tano kwa wiki, na kila safari namlipa boda. Nimechoka. Kuna kijana wa Gongoni anauza pikipiki, Boxer BM 150, kwa shilingi 95,000. Ameitumia kwa boda, na wakati mwingine kubebea magunia ya chumvi. Mita inaonyesha kilomita 28,000 lakini waya wake umekatika. Anasema aliichukua kwa mkopo na amemaliza kulipa. Atakayeiendesha ni mdogo wangu wa kiume. Nikiipata nataka kuchomelea keria ndefu niweke boksi kubwa la barafu, nitie tairi pana kwa ajili ya mchanga, na fundi mmoja ameniambia niweke pistoni kubwa na nitoe silensa ili iwe na nguvu ya mzigo. Mume wangu ananicheka, anasema nichukue mpya kwa mkopo. Nifanyeje?"

Marahaba, dada yangu. Umeuliza mengi kwa pumzi moja, lakini nikiyachambua naona una hofu mbili: usije ukatupa 95,000 kwa chuma kilichokwisha, na pikipiki utakayoipata iweze mzigo wa samaki na barafu bila kumwangusha mdogo wako njiani. Nikuambie mapema ninakoegemea. Boxer hiyo yaweza kununulika, ila si kwa sababu alizokupa muuzaji. Na katika marekebisho yako, pistoni kubwa na silensa yaache kabisa, tairi pana hulihitaji, keria nitakuruhusu lakini si kwa namna ulivyoipanga.

Watu wengi wakienda kutazama pikipiki iliyotumika hutega sikio kwenye injini. Wanaiwasha, wanavuta mafuta, ikinguruma vizuri wanatoa pesa. Mimi nakuambia injini ndiyo ya mwisho kukutia hofu. Ringi zikiisha zinabadilishwa. Silinda ikilika inachongwa na kutiwa pistoni ya saizi inayofuata. Klachi, valvu, cheni ya taimingi, vyote utavipata hapa mjini, maana Boxer zimejaa kila kona na maduka yanafuata wateja. Visivyotengenezeka kwa bei ya maana ni viwili tu: fremu na makaratasi. Hivyo ndivyo unavyonunua. Injini ni kama unapewa juu yake.

Anza na makaratasi kwa sababu hayahitaji fundi wala nauli. Mwombe kijana namba ya usajili, ile inayoanza na KM, kisha mtafute mtu wa kukusaidia kufanya upekuzi wa umiliki kwa NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani, kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Jina litakalotokea lilingane na kitambulisho cha huyo anayekuuzia. Akikuambia ni la binamu yake aliye Mombasa, basi binamu na aje.

Sasa hapa penye mkopo ndipo watu wanapoumia. Pikipiki ya mkopo mara nyingi husajiliwa kwa majina mawili, la mwendeshaji na la mkopeshaji. Kumaliza kulipa ni jambo moja, na jina la mkopeshaji kuondolewa kwenye umiliki ni jambo jingine. Huenda kijana amemaliza kweli, wala hakudanganyi, lakini hakufuatilia. Ukilipa leo, umenunua kitu ambacho kwenye rekodi kina mwenyewe mwingine. Na kama deni halijesha, pikipiki hizo huwekwa kifaa cha kuzifuata, watakuja kuichukua mlangoni pako nawe umeshika karatasi ya makubaliano tu. Kwa hiyo dai barua ya kumaliza deni, na usubiri mpaka upekuzi uonyeshe jina lake peke yake. Uhamisho wenyewe anauanzisha yeye kwenye akaunti yake, wewe unaukubali kwenye yako. Toa pesa siku hiyo, kwa njia inayoacha alama, benki au simu.

Mita isahau. Boda akienda kilomita 80 kwa siku, akifanya kazi siku 300, hizo ni kilomita 24,000 kwa mwaka mmoja. Tazama imesajiliwa mwaka gani kisha jipigie hesabu mwenyewe. Waya wa mita si ghali; aliyeuacha umekatika alikuwa na sababu, au hakujali, na yote mawili yanakueleza kitu.

Kinachonitisha katika barua yako ni lile neno moja ulilolipitia haraka: chumvi. Gongoni ni mji wa chumvi. Upepo wa pwani peke yake una chumvi ya kutosha, lakini pikipiki iliyopakiwa magunia kutoka mashambani mule imepakwa chumvi yenyewe, kwenye viungo, chini ya kiti, ndani ya matundu. Chumvi haili chuma kwa meno. Inavuta unyevu kutoka hewani, hata siku ambayo hakuna mvua, na unyevu ule wenye chumvi unapitisha umeme mdogo baina ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Huo umeme ndio unaoharakisha kutu. Pale alumini inapogusana na chuma, kama boliti zinazoshika injini, alumini ndiyo inayoliwa kwanza na kuacha unga mweupe, na boliti inaganda mpaka ukiilazimisha inakatika. Ukiwa Ngomeni tazama baharini uone majukwaa ya San Marco, waliporushia Waitaliano setilaiti miaka ya 1967 hadi 1988. Chuma kinene kile kinaliwa, seuze bomba la fremu ya Boxer.

Kutu ya nje ukiiona usikimbie, hiyo ni rangi tu imetoka. Ya hatari ni ya ndani ya mabomba, kwa sababu huioni mpaka siku inapokatika. Toa kiti. Toa betri. Tazama sahani inayokaa betri na mabomba yaliyo chini yake, maana hapo maji hutuama. Kisha chukua mpini wa bisibisi ugonge fremu polepole kuanzia shingoni mwa usukani hadi nyuma, upite chini ya injini, umalizie kwenye ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa ndani hutoa sauti ya kufifia, kama kugonga dafu lililooza, na magamba hudondoka. Ukisikia hivyo chini ya shingo ya usukani au kwenye mkono wa nyuma, shukuru, aga, urudi nyumbani. Hata kwa 50,000 usiichukue.

Rangi mpya nayo nishaiogopa. Si kosa mtu kupamba kitu anachokiuza, lakini rangi iliyopigwa sehemu moja tu, hasa karibu na shingo, huficha ufa au alama ya kuchomelea. Hapohapo shingoni ndipo ilipopigwa namba ya chesisi. Isome kwa kidole, uilinganishe na upekuzi, na namba ya injini vilevile. Ikiwa imekwanguliwa, mambo hayo si ya fundi tena, ni ya polisi, na wewe usiwe ndani yake.

Kujua kama fremu imepinda kuna njia ya uzi. Simamisha pikipiki wima, usukani uelekee mbele sawasawa, funga uzi nyuma ya tairi la nyuma, uvute pande zote mbili mpaka mbele ukigusa ubavu wa tairi la nyuma. Nafasi baina ya uzi na tairi la mbele iwe sawa kulia na kushoto. Ikikataa, kwanza hakikisha gurudumu la nyuma limefungwa sawa kwenye alama za cheni. Ikiendelea kukataa, imewahi kugonga kitu kikubwa kuliko mbuzi.

Injini nitaipita haraka. Moshi wa buluu ukivuta mafuta ni ringi au silinda. Ukitoka baada ya kuachia na kuvuta tena, mara nyingi ni mpira wa valvu, jambo dogo. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, angalia kabureta na chujio. Mlio wa kugonga kwa uzito chini kabisa ya injini, unaoongezeka ukibeba mtu, huo ndio wa pesa nyingi. Yote hayo ni ya kupunguzia bei, si ya kukukimbiza.

Haya, tuje kwenye mzigo wako.

Boksi la lita 60 likijaa samaki na barafu, hesabu kilo 60 hivi. Unataka likae juu ya keria ndefu inayotokeza nyuma. Nikueleze linalotokea. Mhimili wa gurudumu la nyuma ni kama egemeo la ile pembea ya ubao ambayo mtoto mmoja hupanda mwingine akishuka. Mzigo ulio mbele yake hukandamiza magurudumu yote mawili. Mzigo ulio nyuma yake hukandamiza la nyuma na kulinyanyua la mbele. Kutoka gurudumu hadi gurudumu Boxer ina mita moja na robo hivi. Kama uzito wa boksi umekaa sentimita 40 nyuma ya mhimili, zidisha 60 kwa 40 ugawe kwa 125: unapata kilo 19. Kilo 19 zimeondolewa gurudumu la mbele, na gurudumu la nyuma limebeba 79, si 60. Sasa mdogo wako anaingia kwenye mchanga wa njia ya Ngomeni, gurudumu linaloongoza limekuwa jepesi, usukani unacheza kama mkia wa samaki. Breki ya mbele, ambayo ndiyo yenye kazi kubwa ya kusimamisha pikipiki, haina uzito wa kushikia. Hapo hakuna pistoni itakayomsaidia.

Kwa hiyo usirefushe keria. Isogeze mbele. Mdogo wako anasafiri peke yake, basi nusu ya nyuma ya kiti haina mtu. Boksi na likae hapo, katikati yake iwe juu ya mhimili au mbele kidogo. Kama unataka kubeba zaidi, afadhali maboksi mawili madogo ubavuni, kulia na kushoto, chini kadiri eksosi na miguu inavyoruhusu, yenye uzito sawa. Uzito ukiwa chini, pikipiki haiyumbi kwenye kona. Ubaya wake ni upana: sokoni na kwenye foleni ya matatu atakwaruza watu, na itabidi awe na subira. Mimi ningeanza na boksi moja la wastani juu ya kiti, nifanye biashara mwezi mzima, halafu nione.

Na keria yenyewe isichomelewe kwenye fremu. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu kosa nililifanya mimi. Miaka ya mwanzo nilimchomelea mteja keria kwenye ule mkono wa nyuma, nikaipaka rangi, ikapendeza kweli. Baada ya miezi michache akairudisha kwa mkokoteni, bomba limepasuka pembeni tu ya weldi yangu. Moto wa kuchomelea hubadilisha tabia ya chuma pale unapoishia, kinakuwa kikavu, na kila shimo la barabarani linakikunja hapohapo. Juu ya hayo, moto unachoma kinga ya ndani ya bomba, na kwa pwani yetu hapo ndipo kutu inapofungua duka. Tengeneza keria ya bomba ya kufunga kwa boliti kwenye matundu ambayo kiwanda kimeyaacha, yale ya kufungia shokapu kwa juu na ya kiti. Ikichomelewa, ichomelewe ikiwa mezani, mbali na pikipiki.

Kuna jambo dogo ambalo wachuuzi wote wa samaki hulisahau: maji ya barafu. Barafu ikiyeyuka pamoja na damu na chumvi ya samaki, yale maji hudondoka kwenye cheni, kwenye breki ya nyuma na kwenye tairi. Umeepuka chumvi ya Gongoni ukajitengenezea yako. Boksi liwe na koki iliyofungwa, maji yamwagwe mkisimama. Na pikipiki ioshwe kila jioni kwa maji matamu. Si ya kisima cha karibu na bahari, hayo yana chumvi pia, utakuwa unapaka badala ya kuosha. Wale wanaopaka fremu oili chafu wanadhani wanaikinga. Oili inashika mchanga, na mchanga na oili pamoja ni msasa. Cheni ipanguswe kwanza, ndipo ipakwe.

Sasa pistoni. Fundi aliyekushauri hakukosea kwamba silinda kubwa inachoma mafuta mengi na kutoa nguvu zaidi. Alichokiacha ni joto. Injini ya Boxer inapozwa na upepo tu. Nguvu zaidi ni joto zaidi, na wewe unaihitaji nguvu hiyo pale inapokwenda polepole mchangani, yaani pale ambapo upepo hakuna. Kabureta ni ileile, kwa hiyo mafuta huenda yakapungua dhidi ya hewa, na mchanganyiko mkavu huchoma kwa joto kali zaidi. Beringi za krenki nazo zilipimwa kwa mzigo wa zamani. Utafurahi miezi mitatu.

Unachokihitaji kinaitwa sproketi, ile gia ya meno inayoshika cheni, na bei yake ni ndogo. Chukua mfano wa meno 14 mbele na 42 nyuma: sproketi ya mbele huzunguka mara 3 ili gurudumu lizunguke mara 1. Weka 13 mbele, sasa inazunguka mara 3.23. Nguvu ya kusukuma kwenye gurudumu imeongezeka kama asilimia 8 bila injini kuguswa. Gharama yake ni mwendo: pale injini ilipokuwa inakupa kilomita 80 kwa saa, kwa mzunguko uleule itakupa 74. Kwa mtu anayebeba samaki hiyo si hasara. Hesabu meno ya hiyo Boxer kwanza, huenda kijana alishabadilisha kwa ajili ya magunia yake. Na usiweke sproketi mpya na cheni kuukuu. Cheni iliyovutika hula meno mapya upesi. Nunua seti.

Kabla hata ya sproketi, hakikisha nguvu ya asili ipo. Nyingi ya Boxer "zisizo na nguvu" zinazoletwa kwangu zina chujio la hewa lililoziba vumbi, klachi inayoteleza, valvu zilizokazwa mno, au breki ya nyuma inayokwaruza muda wote. Na oili iwe ya pikipiki, si ya gari, kwa sababu klachi inaogelea kwenye oili ileile ya injini.

Silensa ukiitoa unapata kelele, basi. Majirani watakuchukia, polisi watakupenda. Tairi pana juu ya rimu nyembamba hukunjwa mabega likawa duara, likagusa ardhi kidogo kuliko ulivyotarajia, na huenda likasugua mkono wa nyuma. Kwa mchanga tafuta tairi la saizi ya kiwanda lenye vifundo vilivyoachana, na pesa uliyookoa nunua viatu vipya vya breki mbele na nyuma. Wa kuniuliza breki hajawahi kuniandikia hata mmoja. Shokapu za nyuma zina pete ya kukaza springi; zikaze kwa usawa kulia na kushoto siku za mzigo.

Mume wako asikuudhi, hoja yake ina uzito. Mpya ina dhamana, fremu haijaonja chumvi, na makaratasi hayana maswali. Lakini mwambie apige hesabu nzima. Tuseme mkopo unalipwa 350 kila siku kwa miezi 18: hizo ni 189,000, bado malipo ya kwanza. Na wewe wajua kuliko mimi, kusi ikichafuka mashua ndogo hazitoki, samaki hakuna. Mkopo haujui kusi. Kama una akiba ya kuvuka miezi hiyo, chukua mpya kwa moyo mweupe. Kama akiba yako ndiyo hiyo 95,000 tu, haitoshi hata kwa hiyo ya zamani, maana lazima ubakishe pesa ya cheni, tairi, breki, bima na uhamisho. Ningejaribu kuishusha bei mpaka 80,000 hivi, niweke 15,000 kando. Mdogo wako awe na leseni ya pikipiki, helmeti na jaketi la kuakisi. Bima ya mtu wa tatu si hiari.

Uzi na bisibisi utavitumia mwenyewe, lakini usinunue bila fundi wa kwako kuiona kwa macho, hasa ukikuta boliti za injini zenye unga mweupe, usukani unaokwama katikati ukiuzungusha, au ule mlio wa chini. Fundi asiwe rafiki wa muuzaji, na umlipe ada yake ya siku, usimwahidi chochote kinachotegemea biashara kukamilika.

Nendeni asubuhi mapema, bila kumwambia saa. Kabla salamu hazijaisha, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya baridi, iwasheni. Ikiwa ya moto, ameshaipasha ili isisumbue kuwaka mbele yako. Mwambie kwa upole kwamba hamna haraka, agizeni chai na mahamri, mkae mpaka ipoe.